Kozi ya COBOL ya jioni karibu na Tom Mboya: mwalimu bora, usimamizi uliolala

Kama kazi yako inakukutanisha na mifumo ya zamani ya benki, bima au Sacco iliyoandikwa kwa COBOL, lugha kongwe ya kuandikia programu za kompyuta, na uko Nairobi, kozi hii inastahili pesa zako. Nimeimaliza muhula uliopita. Inafundishwa Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili usiku, katika chuo kidogo kilicho ghorofa ya tatu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka jengo la Archives ukielekea Mtaa wa Tom Mboya. Karo ni shilingi 16,000 na usajili shilingi 1,000, unalipa kwa paybill, na wanakubali awamu mbili. Jina la chuo nimeliacha kwa sababu nina malalamiko kuhusu usimamizi wake, na hayo nimewaandikia wenyewe.

Mimi nafanya kazi katika kitengo cha kompyuta cha kampuni moja ya bima. Mfumo wetu wa bima za maisha uliandikwa kwa COBOL nikiwa bado shule ya msingi. Umetiwa viraka na watu wengi, na mpaka leo kila mwisho wa mwezi ndio unaokokotoa michango, bonasi na malipo ya bima zilizokomaa. Wazee wawili waliokuwa wakiujua ndani nje wamestaafu mmoja baada ya mwingine. Waliobaki ni vijana hodari wa lugha za kisasa kama Python na JavaScript. Ukiwafungulia programu ya maelfu ya mistari, yote kwa herufi kubwa, wanakuuliza, "Mama, sasa hii inaanzia wapi?" Ni swali la haki kabisa, na ofisini hapakuwa na mtu wa kulijibu kikamilifu. Ndiyo maana nikajisajili.

Kizazi changu kilipita vyuoni wakati lugha hizi bado zina nafasi darasani. Stashahada yangu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilianza na Pascal: skrini ya buluu ya Turbo Pascal, begin na end, na nukta-mkato moja iliyosahaulika ikikukalisha maabara hadi mlinzi anakuja kufunga. Pascal ilitungwa na Niklaus Wirth huko Uswisi mwaka 1970 kwa nia ya kufundishia, na kwa kweli ilifundisha. Muhula mmoja tulipewa COBOL, kisha mwaka wa mwisho tukafanyia miradi Visual Basic 6. Hiyo ya mwisho ilitoka 1998, na Microsoft ikaacha kuihudumia zana yake ya kuandikia mwaka 2008, lakini miaka mingi baadaye bado ungekutana na mwanafunzi akizunguka barabara ya Luthuli mjini akitafuta CD yake ili amalize mradi. Kumshikilia kijana kwenye zana ambayo hata mwenyewe ameitupa lilikuwa jambo baya, na ilipoondolewa mimi nilifurahi.

Leo mtoto wa dada yangu anasoma stashahada ya kompyuta, na nimeangalia ratiba yake. Ana Python, ana Java, ana utengenezaji wa tovuti na hifadhidata. Mafunzo ya vyuo vya ufundi yamehamia mtaala wa umilisi chini ya TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya vyuo hivyo, mwanafunzi anapimwa kwa kile anachoweza kufanya kwa mikono yake, na waajiri wanaotangaza nafasi wanaandika Python na JavaScript. Mkuu wa chuo anayetaka wanafunzi wake waajiriwe atafundisha nini kingine? Wala jambo hili si la Kenya peke yake. Huko Marekani, mtihani wa AP wa sayansi ya kompyuta, ule wa wanafunzi wa sekondari wanaotafuta alama za chuo kikuu mapema, ulianza na Pascal mwaka 1984, ukahamia C++ mwaka 1999, na miaka michache baadaye ukahamia Java. Lugha za darasani hubadilika, na zinapaswa kubadilika.

Ninacholilia ni somo lililoondoka pamoja nazo: kusoma programu iliyoandikwa na mtu mwingine, zamani, bila maelezo, na kuirekebisha bila kuibomoa. Mpwa wangu anajua kuanza mradi kwenye ukurasa mtupu, na anaanza vizuri kuliko nilivyoanza mimi. Lakini kazini ukurasa mtupu ni nadra. Unakuta kitu kinachotembea, kina miaka arobaini, watu wanalipwa nacho, na unaambiwa ongeza kodi mpya kabla ya mwisho wa mwezi. Kozi hii ya jioni, pamoja na kasoro zake, ndiyo mahali pekee nilipokaa darasani mjini hapa nikafundishwa kazi hiyo.

Mwalimu ni mzee aliyestaafu kutoka idara ya kompyuta ya benki moja. Hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mwalimu, basi. Siku ya kwanza hakuwasha kompyuta. Alipitisha mkononi mwa kila mmoja kadi halisi ya kutobolewa, ambayo zamani ilibeba mstari mmoja wa programu, ya rangi ya maziwa, yenye safu 80, akatutaka tuhesabu. Safu ya 1 hadi 6 ni za nambari ya mstari. Ya 7 ni ya alama. Ukiweka nyota hapo, mstari wote unakuwa maelezo tu. Vichwa vya sehemu vinaanzia safu ya 8, amri za kawaida zinaanzia ya 12, na mwisho ni 72. "Na zile nane zilizobaki?" akauliza binti mmoja aliyekuwa mbele. Akamwambia zilikuwa za kuitambulisha programu yenye kadi hiyo, na zile sita za mwanzo ndizo zilizowezesha mzigo wa kadi ukianguka sakafuni kupangwa upya. Tangu hapo hakuna aliyelalamika tena kwamba COBOL inachagua mahali pa kuandikia. Tuliona kwa macho sababu yake, na sababu ikishaonekana kichwa kinaishika.

Historia aliigusa haraka, nami nilipenda hivyo. Lugha ilibuniwa na kamati ya CODASYL mwaka 1959, ikichota mengi kutoka lugha ya awali, FLOW-MATIC ya Mmarekani Grace Hopper, ikakusudiwa isomeke kama sentensi ili hata mhasibu aweze kufuata. Wasomi hawakuipenda: Edsger Dijkstra aliandika mwaka 1975 kwamba kuitumia kunalemaza akili, na kwamba kuifundisha kuhesabiwe kosa la jinai. Mwalimu alitusomea hilo bila kukasirika, akakubali kwamba maneno ni mengi mno na programu za kale zinarukaruka kwa GO TO, amri ya kuruka hadi mahali pengine, mpaka unapotea njia. Halafu akatukumbusha Aprili 2020, wakati wa korona, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, alipojitokeza hadharani kuomba watu wa kujitolea wanaojua COBOL, kwa sababu mifumo ya zamani ya jimbo lake ilikuwa imeelemewa na maombi ya waliopoteza kazi.

Sasa niwape kipindi kimoja jinsi kilivyokwenda, maana ndicho kilichonifanya niandike maoni haya.

Mwalimu aliandika ubaoni: mkopo wa shilingi 2,000, bila riba, ulipwe kwa awamu tatu sawa. Tukatangaza nafasi ya kuhifadhi awamu kwa PIC 9(7)V99, yaani tarakimu saba, kisha V inayosimama mahali pa nukta ya desimali bila kuchukua nafasi, kisha tarakimu mbili za senti. Tukagawanya. COBOL, usipoiambia vingine, inakata kinachozidi, kwa hiyo kila awamu ikatoka 666.66. Mara tatu ni 1,999.98.

"Zile senti mbili ni za nani?" Mwalimu akauliza.

Kijana mmoja akaongeza neno ROUNDED, la kukadiria hadi senti iliyo karibu. Awamu ikawa 666.67, na jumla ikawa 2,000.01.

"Sawa. Na hii senti moja mnamdai mwanachama kwa sheria gani?"

"Lakini Mwalimu, si ni senti tu?"

"Kijana wangu, mara wanachama elfu hamsini, kila mwezi. Kisha uje unieleze mbele ya mkaguzi."

Kipindi kizima kikaenda hapo. Tukaandika programu inayotoa 666.66 kwa awamu mbili za kwanza, halafu awamu ya mwisho ichukue kilichobaki, 666.68, ili jumla irudi 2,000 kamili. Ni hesabu ya darasa la nne, lakini uamuzi wa nani abebe senti ni uamuzi wa kazi, na lazima mtu auandike waziwazi mahali fulani ndani ya programu. Kisha akamwambia yule kijana afungue Python, ajumlishe 0.1 na 0.2. Skrini ikajibu 0.30000000000000004. Darasa likanyamaza. Mwalimu akaeleza taratibu: mashine inahifadhi namba hizo kwa msingi wa mbili, na sehemu moja ya kumi katika msingi wa mbili haifiki mwisho, kama vile theluthi isivyofika mwisho katika desimali zetu. Wala hakuitukana Python. Alitufungulia moduli yake ya decimal na kutuonyesha kwamba kazi ya fedha inafanyika humo vizuri, mradi mtu akumbuke kuiita. Katika COBOL desimali ndiyo kawaida, huhitaji kuikumbuka. Niliporudi nyumbani nilimuuliza mpwa wangu kama amewahi kuonyeshwa hili chuoni. Hajawahi, na tayari ameandika mfumo mdogo wa kukusanya michango ya chama cha akina mama.

Kipindi kingine kilikuwa kifupi na cha kutisha zaidi. Mwalimu alitupa faili ya majaribio yenye salio la shilingi 125,000, na programu inayolihamisha salio hilo kwa MOVE kwenda kwenye nafasi ya PIC 9(5)V99. Nafasi hiyo inabeba tarakimu tano tu kabla ya senti. Programu ikaenda mpaka mwisho, bila onyo wala kusimama, ripoti ikachapishwa safi: 25,000.00. Laki moja imeondoka upande wa kushoto na hakuna aliyeambiwa. "Nafasi hii ilitosha mwaka ilipoandikwa mara ya kwanza," Mwalimu akasema. "Mishahara ikapanda, nafasi ikabaki." Baada ya hapo alitufundisha ON SIZE ERROR kwa hesabu, yaani kuiambia programu ifanye nini jibu lisipoenea kwenye nafasi, na kwa uhamisho akatufundisha kulinganisha ukubwa wa nafasi mbili kabla ya kuandika amri.

Karibu nusu ya muhula ni kusoma. Anakugawia programu iliyochapishwa, kurasa zimeshonwa kwa pini, na kalamu nyekundu. Unazungushia duara kila mahali thamani moja inapobadilishwa. Unachora mishale ya kila PERFORM, amri ya kwenda kuendesha aya nyingine na kurudi, inakokwenda. Unaandika pembeni, kwa Kiswahili au lugha yoyote uijuayo, aya ile inafanya nini kwa mtu wa kawaida: inamtoza, inamlipa, inamnyima. Hakuna kugusa kibodi mpaka karatasi imejaa. Vijana wawili waliona ni kupoteza muda, wakaacha kuja. Mimi nasema hapo ndipo karo yangu ilipolipa.

Mfano: katika programu moja ya bima tulikuta mwaka umehifadhiwa kwa tarakimu mbili, na chini yake sharti lililoongezwa 1999, wakati kila mtu alikuwa anahofia kwamba mwaka 2000 utasomeka 1900: ikiwa tarakimu ni chini ya 40, hesabu kuwa 2000 na kitu, vinginevyo 1900 na kitu. Waliofanya hivyo waliokoa mfumo wao kwa gharama ndogo na siwalaumu. Lakini bima inayokomaa 2041 ikipita hapo inasomeka imekomaa 1941. Kesho yake ofisini nilienda moja kwa moja kulitafuta sharti la aina hiyo kwenye mfumo wetu. Lipo. Letu limewekwa kwenye 50, na bima ya miaka 30 tunayomuuzia mteja leo inavuka mstari huo. Sasa liko kwenye orodha ya marekebisho, lina tarehe na lina mtu wa kulishughulikia.

Vifaa ni vya kawaida. Maabara ina kompyuta za zamani zenye mfumo endeshi wa Ubuntu na GnuCOBOL, kompaila ya bure inayoigeuza COBOL kuwa lugha ya C kwanza kisha kuitengeneza kuwa programu ya kuendeshwa. Haihitaji mashine yenye nguvu. Niliiweka kwenye laptopu yangu nyumbani mtaa wa Umoja kwa amri moja tu na mazoezi yote yakaenda sawa. Mwenye laptopu abebe yake, kwa sababu kibodi za pale zimechoka, na stima zikipotea hakuna chochote cha kushikilia kompyuta hata dakika mbili ili uhifadhi kazi yako.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu ofisi. Kwanza, cheti. Kimeandikwa "Kozi ya Programu za Kompyuta", neno COBOL halimo. Nilipouliza niliambiwa vyeti vyote vinatoka kwenye kiolezo kimoja. Mtu amelipa karo ili amwonyeshe mwajiri ujuzi adimu, halafu karatasi inaficha ujuzi wenyewe! Kubadilisha mstari mmoja kwenye cheti ni kazi ya dakika chache. Pili, maandishi ya darasani yalitozwa shilingi 800 zaidi, na hazikutajwa wakati wa usajili. Kwangu mimi zinalipika. Kwa yule binti wa mbele, anayeuza viazi karai asubuhi ili asome jioni, zilikuwa pigo. Mwalimu ndiye aliyemwachia nakala yake.

Upande wa mafunzo, kuna pengo ambalo mtu anayelenga benki lazima alijue mapema. Mashine kubwa za IBM zinaendeshwa kwa JCL, yale maagizo yanayoiambia mashine ifungue faili zipi na iendeshe programu ipi kwa zamu ipi. Hapa JCL unaichora ubaoni tu. CICS, ya kuendesha miamala, na Db2, hifadhidata ya mashine hizo, zinatajwa kwa jina na kuachwa. Chuo kingeweza kuziba pengo hili bila kununua chochote: IBM Z Xplore inamruhusu mwanafunzi kufanya mazoezi kwenye mashine halisi kwa mtandao, bure, na Open Mainframe Project nao wana kozi yao ya COBOL, bure vilevile. Kinachotakiwa ni intaneti ya kuaminika maabara na mtu wa kusimamia. Vilevile hakuna neno hata moja kuhusu Git, zana ya kutunza matoleo ya programu, wala kuandika majaribio ya programu. Kwa maoni yangu hapo ndipo vijana wa leo wangemfundisha Mwalimu, naye ni mtu wa kufundishika. Nilimwona akimwomba kijana amwonyeshe jinsi ya kulinganisha matoleo mawili ya faili, na akaandika kwenye daftari lake.

Basi kama masomo ya bure yapo, kwa nini ulipe? Mimi nililipa ili nimpate mtu wa kuniuliza senti ni za nani. Ukurasa wa mtandao utakufundisha ROUNDED inaandikwaje. Hautakaa mbele yako mpaka uamue. Kwa aliyeko kwenye kazi kama yangu, au kwenye Sacco yenye mfumo mkongwe, au mkaguzi wa hesabu anayetaka kujua riba inatokea wapi, nenda. Kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne na anatafuta kazi yake ya kwanza ya kompyuta, anza na Python au JavaScript kwanza, shika misingi, kisha njoo hapa. COBOL pekee mkononi, bila kujua biashara ya benki au bima, haitakufungulia milango mingi Nairobi.

Kuna haraka kidogo. Ofisi ya chuo imetuambia kwamba muhula wa Septemba wasipopatikana wanafunzi kumi, kozi inafutwa na chumba kinapewa darasa la uuzaji mtandaoni. Nimewaandikia kwamba wanakosea. Nimependekeza wabadilishe jina la kozi liwe la kutunza mifumo ya zamani, waweke Git, waweke JCL kwa njia ya mtandao, wamlete kijana mmoja wa Python afundishe pamoja na Mwalimu, kisha wapeleke barua kwa kampuni za bima na Sacco za mjini. Wafanyakazi wa kulipiwa karo na waajiri wao wapo. Mimi mwenyewe ofisi yangu imekubali kupeleka wawili. Bado nasubiri jibu.

Ukienda kujisajili usitafute kozi hii kwenye orodha ya bei iliyobandikwa mapokezi, haipo. Mwambie karani unataka darasa la Mwalimu la Jumanne na Alhamisi, uliza karo inajumuisha nini, na kabla ya kulipa mwambie akuandikie kwa kalamu kwamba cheti kitataja COBOL.